Ua la Petali Nane

Mwalimu Mutugi alitangaza Jumatatu asubuhi kwamba kila mtoto wa darasa la saba alete viazi viwili vikubwa, na hakujua ameomba nini. Yeye alikuwa mtu wa Embu, kule chini upande wa Runyenjes, ambako watu wana kahawa na kiazi ni kitu cha kununua sokoni. Kibirichia, pale shule ilipokuwa, ni kwingine. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Viazi vya kula vilikuwa vimekwisha katika nyumba nyingi, na vilivyobaki vilikuwa mbegu. Vilikuwa vimelazwa gizani kwenye stoo, vimeanza kutoa macho, vinangoja mvua ya Oktoba. Kumwambia mtoto wa Kibirichia alete viazi viwili mwezi ule ni kumwambia aende akamwibie mama yake.

Mimi nilikuwa pale kwa ajili ya madawati. Hedimasta alitaka madawati arobaini, akanipa kibanda nyuma ya jiko la shule niwe natengenezea huko na kulala huko. Mwaka ulikuwa themanini na saba. Mfumo wa nane-nne-nne ulikuwa bado mgeni, na masomo yalikuwa yameongezeka: kilimo, muziki, sayansi ya nyumbani, sanaa na ufundi. Walimu waliambiwa wayafundishe yote, wajue wasijue. Mutugi alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipewa sanaa na ufundi kwa sababu aliandika vizuri ubaoni.

Kuhusu shule mimi si mtu wa kuulizwa sana. Nilisoma mwaka mmoja Chuka na mihula miwili Kaaga. Kusoma gazeti nilijifundisha Majengo, kwenye bucha ya Kasim, nikifunga nyama kwa magazeti ya juzi. Kwa hivyo haya naeleza jinsi nilivyoyaona, na mwenye kujua zaidi ataongeza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kiazi unakikata kiwe na uso ulionyooka, halafu kwenye huo uso unachonga picha, kama mtu anayechonga muhuri. Unachovya kwenye rangi na kugonga juu ya kitambaa. Mutugi alichora picha ubaoni: ua la petali nane, kila petali sawa na mwenzake, na duara katikati. Alilitoa kwenye kitabu, akalipima kwa rula na bikari kama hesabu. Rangi ilikuwa moja, ile bluu ya kufulia nguo. Kitambaa kilikuwa cha mfuko wa unga wa ngano. Kila mtoto angechonga muhuri wake nyumbani, na Ijumaa wangegonga darasani, safu tano za maua manne. Huo ndio ulikuwa mtihani wa mwisho wa mwaka wa somo hilo, nao ulikuwa na alama mia moja. Mitihani ya darasa la saba ilifanywa mapema ili darasa la nane wapate vyumba.

Jumatatu ile ile jioni watoto walianza kuja nyuma ya kibanda changu. Hawakunijia mimi. Walimjia Kiende.

Kiende alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Alikuwa amerudia darasa la tano mara moja na lile la saba mara moja, na watoto walimwita Nyanya, kama bibi kizee. Alizoea kuja kwangu saa za mapumziko kuokota vipande vya mbao, na mara ya kwanza nilipomwona akichonga kijiti kwa kisu changu, amekishika kwa mkono wa kushoto, maana alikuwa mtu wa kushoto, nilimwachia kisu akae nacho. Mkono wake haukuwa na haraka wala wasiwasi. Hesabu ndiyo ilimshinda, na Kiingereza.

Watoto walikuja na viazi vyao wamevificha ndani ya sweta. Shida yao ilikuwa moja. Wangechonga vipi kiazi cha mbegu na kukirudisha stoo bila mama kujua? Kiazi kikikatwa vibaya macho yanakwenda, na kiazi bila macho hakioti.

Kiende alichukua kiazi cha kwanza, akakigeuza geuza. Kiazi kina kitovu, pale kilipokuwa kimeshikana na mmea, na upande huo macho ni machache. Akakata kipande chembamba hapo, akapata uso, akachonga ua. Upande wa pili, wenye macho mengi, hakuugusa.

"Ukimaliza Ijumaa, osha bluu yote," akamwambia mwenye kiazi. "Halafu paka jivu hapo penye kidonda, ukirudishe. Kitaota."

"Mama akiona?"

"Mwambie ni panya."

"Panya wa petali nane," mwingine akasema, na wote wakacheka, na Kiende naye akacheka.

Alichonga siku tatu. Nilikuwa nasikia kisu changu kikienda huku nikipiga randa. Sikuhesabu, lakini yeye alihesabu: maua thelathini na nane. Darasa lilikuwa la watoto arobaini. Wa thelathini na tisa alikuwa Kirimi, mtoto wa mwenye posho mili, ile mashine ya kusaga mahindi, ambaye alisema hawezi kumwomba Nyanya kitu. Alijichongea mwenyewe, akakata kiazi katikati kabisa, na ua lake lilitoka na petali sita zinazofanana na kwato za mbuzi.

Wa arobaini alikuwa Kiende mwenyewe.

Sasa niseme kilichokuwa kinamngoja, maana bila hicho hakuna hadithi. Shule ile, kama nyingine nyingi wakati ule, ilikuwa na sheria yake ambayo haikuandikwa popote serikalini. Mtoto asiyefika alama mia tatu katika masomo saba hapandi darasa la nane. Anarudia. Shule ilitaka watakaofanya mtihani wa taifa wawe wale wa kuipa jina tu. Masomo sita yalikuwa yameshasahihishwa na karatasi kubandikwa ukutani, na Kiende alikuwa na mia mbili thelathini na tisa. Alihitaji sitini na moja kwa sanaa na ufundi. Na baba yake, Kiambi, alikuwa ameshasema. Nilimsikia mwenyewe, maana alinipitia kuomba misumari.

"Darasa la saba amekaa miaka miwili," alisema. "Sikumkataza. Lakini akiambiwa wa tatu, huo atakaa nyumbani tufukie viazi. Mimi si mtu mbaya, Fundi. Ni miguu yangu imeanza kukataa."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anachechemea kweli.

Watu wote tulijua, pamoja na Kiende, kwamba sitini na moja kwa kazi ya mkono kwake si kitu. Kwa hivyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi hata Ijumaa ilipofika.

Ijumaa saa nane mchana Mutugi aliweka mabakuli ya bluu juu ya madawati yangu mapya, wakaanza kugonga. Mimi nilikuwa darasani nikirekebisha dawati lililokuwa linayumba, kwa hiyo niliona. Kiende hakutoa ua. Alitoa mihuri mitano kwenye karatasi ya sukari. Alikuwa na kopo la udongo mwekundu aliouchuja, na lingine la maji ya majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa meusi. Mutugi alikuwa nyuma akimwangalia Kirimi, ambaye alikuwa anagonga mkono wake mwenyewe zaidi kuliko kitambaa.

Nilikiona kile kitambaa kikikua. Kwanza niliona mistari tu, myekundu, imelala kwa mshazari. Halafu nikajua: ni matuta. Ni mlima wetu pale unapoutazama ukiwa juu kwenye mpaka wa msitu, mashamba yameshatayarishwa, yanangoja mbegu. Juu ya matuta kulikuwa na wanawake wameinama. Wote walitoka kwenye muhuri mmoja tu, lakini aliugeuza huku na huku, akaukandamiza zaidi hapa na kidogo pale, hata hakuna mwanamke aliyefanana na mwingine. Pembeni kulikuwa na viazi vyenyewe, vimegongwa kwa kiazi ambacho hakikuchongwa, kimekatwa tu, na macho yake yakaonekana. Kwenye tuta moja katikati hakukuwa na mtu.

"Huyu wa hapa ameenda wapi?" nilimwuliza kwa sauti ya chini.

"Ameenda kupika," akasema bila kuinua kichwa.

Mutugi alipofika alisimama. Alisimama kwa muda mrefu kuliko alivyosimama kwa watoto wengine, halafu akauliza, "Ua liko wapi?"

"Sikufanya ua, Mwalimu."

"Niliandika nini ubaoni?"

"Ua."

"Petali ngapi?"

"Nane."

"Hapa naona ngapi?"

Darasa lilianza kucheka. Kirimi akasema, "Nyanya hajaleta miwani," na vicheko vikazidi. Kiende alitazama dawati. Mutugi alichukua kitambaa, akakiweka juu ya vingine, akaendelea.

Jumatatu matokeo yalibandikwa. Watoto thelathini na wanane walikuwa kati ya themanini na tisini. Kirimi alikuwa na arobaini na tano. Kiende alikuwa na ishirini. Pamoja na yale ya kwanza, mia mbili hamsini na tisa.

Hakulia. Alikuja kibandani akaketi juu ya rundo la mbao.

"Kwa nini hukufanya ua moja tu, mama?" nikamwuliza. "Ulikuwa nalo mkononi."

"Nilikuwa nimelichoka, Fundi. Nimelikata mara thelathini na nane." Halafu akasema, "Nilidhani ni mtihani wa kazi ya mkono."

Mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu. Nimekaa sehemu nyingi na nimejifunza kufanya kazi na kuondoka. Lakini nilimwona Kiambi asubuhi ile akipita njia ya chini na fimbo yake, nikajua anakwenda kukodi ng'ombe wa kulimia, na kwamba katika hesabu yake ya wafanyakazi mtoto yule alikuwa ameshaingia. Nikaweka nyundo chini, nikaenda ofisi ya walimu.

Mutugi alikuwa peke yake, anabandika maua kwenye kadibodi. Kesho yake inspekta wa tarafa angekuja kuona maonyesho.

"Mwalimu, haya maua ni mazuri," nikasema.

"Watoto wamejitahidi."

"Yatazame tena. Yote yameinamia upande mmoja."

Akayatazama. Akachukua moja, akachukua lingine, akayaweka sambamba. Kila petali ilikuwa imelala kidogo kushoto, kama imepigwa na upepo ule ule.

"Ni nani wa mkono wa kushoto katika darasa lako?" nikauliza.

Mutugi aliketi. Mtu wa hesabu hahitaji kuelezwa mara mbili. Nikamweleza hata hivyo, mambo ya mbegu na macho na jivu, na aliposikia kwamba viazi vile vilikuwa vya kupanda alishika kichwa.

"Hakuna aliyeniambia," akasema.

"Wewe ni mwalimu. Ulisema viazi, wakaleta viazi."

"Ni Kirimi peke yake aliyejichongea ua?"

"Ni yeye peke yake. Na mama yake amemchapa, maana alikata macho."

Mutugi akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Akafungua droo akatoa karatasi moja yenye mihuri ya ofisi.

"Soma," akanipa. Nikasoma polepole. Idadi ya petali, alama ishirini. Petali kuwa sawa, ishirini. Nafasi kati ya ua na ua, ishirini. Usafi wa kitambaa, ishirini. Kufuata maagizo, ishirini.

"Yeye nimempa usafi," Mutugi akasema. "Nilitafuta pengine pa kumpa. Nimekitazama kile kitambaa siku tatu, Fundi. Unadhani mimi ni jiwe? Nimemwona mama yangu pale, nyuma kabisa, yule mwenye mgongo mrefu. Lakini karatasi hii haina mahali pa kuandika kitu hicho."

"Si uandike pembeni."

"Pembeni hapajumlishwi." Akanitazama. "Wewe unanilaumu. Nikuulize. Madawati yako yana urefu gani?"

"Futi nne na nusu."

"Yote?"

"Yote."

"Na wewe mwenyewe ukijisikia kutengeneza moja la mviringo, lenye miguu mitatu, lina maua, hedimasta atalipokea?"

"Dawati ni la kukalia, Mwalimu."

"Na mtihani ni wa kupita. Mtoto asiyeweza kufuata ua moja, nikimpandisha, mwakani ataulizwa swali la ua Nairobi, na yule wa kumsahihishia huko hatakuwa amewahi kumwona akichonga."

Hata leo nikipita shule yoyote na kuona watoto wamejipanga, huwa narudi kwenye hayo maneno ya madawati, na sijayapatia jibu linaloniridhisha. Nilichosema ni hiki: "Lakini huyu anaweza kulifuata. Amelifuata mara thelathini na nane."

Nje wasichana walikuwa wanafagia uwanja. Mutugi alikunja ile karatasi, akaikunjua.

"Nikiandika ukweli," akasema, "natakiwa kuwapa sifuri watoto thelathini na wanane, na kesho inspekta aone ua moja la kwato za mbuzi. Halafu hedimasta aniulize nilikuwa wapi wakati darasa langu linafanyiwa mtihani na mtu mmoja."

"Ndiyo."

"Basi hayo mengine hukuniambia. Umeniambia tu kwamba kuna mtoto ambaye hakumaliza mtihani wake. Niitie Kiende."

Nikamwita. Alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Una kiazi nyumbani?" Mutugi akamwuliza.

"Kipo, Mwalimu. Lakini ni cha mbegu."

"Najua ni cha mbegu. Nimeambiwa." Akairudisha ile karatasi kwenye droo. "Kesho asubuhi kabla ya paredi, uje nacho. Utachonga ua la petali nane hapa mbele yangu na kuligonga mara ishirini. Ukifanya hivyo utakuwa umemaliza mtihani. Usipofanya, sina la kukusaidia. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hutaniletea matuta?"

"Hapana, Mwalimu."

Asubuhi nilijifanya nina dawati la kupima ofisini. Kiende alifika na kiazi kimoja ndani ya leso na kisu changu. Alikata upande wa kitovu. Mutugi alikuwa amesimama juu yake, na nilimwona akifuata vile vidole kwa macho bila kupepesa, maana siku zote alikuwa ameona maua yaliyokwisha gongwa, hakuwa ameona yanavyozaliwa. Lilimchukua Kiende muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Hakuweka rula. Akachovya, akagonga, safu tano za maua manne.

Mutugi alihesabu petali kwa ncha ya kalamu. Alipima nafasi. Akaandika themanini na tano, akajumlisha kwenye daftari, na mia tatu ikapitwa.

"Sawa. Utapanda darasa la nane," akasema.

"Asante, Mwalimu."

Lakini hakuondoka. Alikuwa anatazama mezani, pale kile kitambaa cha matuta kilipokuwa kimekunjwa chini ya chaki.

"Na hiki?" akauliza.

"Hicho hakina alama. Nimezifuta zile ishirini."

"Hakiendi kwa inspekta?"

"Hakiendi."

"Kwa hivyo si cha shule."

Mutugi alifikiri kidogo, kama aliyeulizwa swali la hesabu lenye mtego. "Nadhani si cha shule," akasema.

Akakichukua. Akakitia ndani ya leso pamoja na kiazi, akakumbuka, akakitoa kiazi akakishika mkononi ili bluu isiguse kitambaa, akatoka.

Inspekta alikuja, akayasifu maua, akasema hajaona darasa lenye nidhamu kama lile. Alichukua manne kwenda kuyaonyesha shule nyingine. Ijumaa majina yakasomwa kwenye paredi. Kirimi alipanda kwa sababu hesabu yake ilikuwa nzuri. Kiende alisomwa wa pili kutoka mwisho, na Kiambi, aliyekuwa amesimama uwanjani na wazazi wengine, aliinua fimbo kidogo na kuishusha. Halafu akaenda kumpa Mutugi mkono na kumwomba, kwa heshima, kwamba mwaka ujao kama ni lazima viazi basi watoto waambiwe Agosti.

Mimi madawati yangu yalikuwa yamefika arobaini, na nilikuwa nimesikia kuna kazi ya kuezeka Siakago. Nilimpata Kiende kwenye njia ya kushuka, nikamwambia akae na kile kisu.

"Darasa la nane mtafanya nini?" nikamwuliza. "Ua tena?"

"Mwalimu amesema kikapu. Chenye mistari kumi na miwili, myekundu na myeusi."

"Na wewe utafanya chenye mistari mingapi?"

Alikifuta kisu kwa ukingo wa sketi, akakiangalia.

"Kumi na miwili," akasema. "Hicho cha kwanza, cha mtihani."